Lincoln in the Bardo: tunabishania ahera, kitabu kinasimulia msiba

#1 Mleta Mada

Wakuu, habari zenu. Nimekuwa nikifuatilia maoni ya watu waliosoma Lincoln in the Bardo ya George Saunders, riwaya iliyotoka Februari 2017 ikatwaa Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Ni riwaya chache zinazowagawa wasomaji namna hii. Huyu anasema alilia hadi akakiweka kitabu chini. Anayefuata anasema alikiacha mapema kwa sababu hakuelewa nani anaongea. Wa tatu hana neno na uandishi, ila anauliza ni dini gani inayofundisha ahera ya aina ile. Naomba niseme yangu kwa urefu, maana naona ubishi wetu mwingi umeng'ang'ania upande wa kitabu ambao kwangu ni mwepesi kuliko ule mwingine. Angalizo: nitamwaga kisa chote. Kama hujasoma na unapenda kukutana na mambo mwenyewe, ishia hapa, urudi ukimaliza.

Kwa walio nje ya mada: kisa kimesimama juu ya tukio la kweli. Tarehe 5 Februari 1862, Marekani ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln na mkewe Mary walifanya dhifa kubwa Ikulu. Ghorofa ya juu mtoto wao Willie, mwenye miaka 11, alikuwa kitandani na homa kali, ambayo wengi wanaamini ilikuwa homa ya matumbo. Wazazi wakawa wanapanda kumtazama, wanashuka kwa wageni, wanapanda tena. Tarehe 20 mtoto akafariki. Mwili ukahifadhiwa kwa muda katika kaburi la kujengea la familia ya Carroll, kwenye makaburi ya Oak Hill, Georgetown. Masimulizi ya wakati ule yanasema baba yake alirudi pale kumtazama. Saunders alisikia habari hiyo kwa binamu wa mkewe walipokuwa wametembelea Washington, akakaa nayo miaka mingi kabla hajathubutu kuigusa.

Karibu riwaya yote ni usiku mmoja. Lincoln anaingia kaburini, anafungua jeneza, anampakata mwanawe. Kumzunguka wapo wafu wa makaburi yale, wanaosimulia kwa zamu, na ambao hawataki kabisa kujua kwamba wamekufa. Jeneza kwao ni sanduku la mgonjwa. Maiti iliyomo ndani ni umbo la mgonjwa. Wanajihesabu kuwa watu walioahirisha shughuli zao mpaka wapate nafuu. Hans Vollman, mpiga chapa wa makamo, aliangukiwa na boriti akiwa mezani kwake, siku ambayo jioni yake yeye na mke wake kijana walikuwa wamekubaliana hatimaye kulala pamoja. Roger Bevins, kijana aliyejiua kwa ajili ya penzi, alibadili nia damu ikiwa tayari imemwagika, na sasa ametokwa na macho na mikono isiyo na hesabu kwa uchu wa kuona na kushika kila alichokiacha. Mchungaji Everly Thomas yeye anajua fika kwamba amekufa, ila ana sababu zake za kunyamaza.

Sasa hoja yangu. Tunawasoma wafu hawa kana kwamba mwandishi katuletea taarifa kutoka upande wa pili, halafu tunaanza kuipima: hii inalingana na imani yangu, hii hailingani. Ukiwasoma taratibu utaona kwamba wao ndio wafiwa. Kila mmoja kafiwa na maisha yake mwenyewe, na anaomboleza kwa namna ileile tunayoomboleza tulio hai. Vollman anamsimulia kila mgeni habari za mkewe na boriti, tangu mwanzo, kwa maneno yaleyale. Nani hajawahi kukaa na mfiwa anayerudia saa za mwisho za mpendwa wake, alisema nini, aliomba maji saa ngapi, daktari alifika akiwa amechelewa kiasi gani, na ukimkatiza anaanza upya? Wana msamiati wao wa kulizunguka lile neno moja. Wanamchukia mtu anayesema ukweli waziwazi. Wanalinda mahali pao, kwa sababu kuondoka pale ni kukubali.

Kinachonishika zaidi ni ahadi. Humo kitabuni watoto hawatakiwi kukawia. Wengi hupita baada ya dakika chache tu. Anayekawia hunaswa: vitu vya kujipinda hutoka ardhini, vinamfunga kidogo kidogo, mpaka anakuwa kioja. Yuko binti mmoja, Traynor, ambaye ameshaungana na uzio wa chuma na sasa anabadilika maumbo ya kutisha mbele ya wanaopita. Wafu wazima wanayajua haya, wanamsihi Willie aende zake. Anakataa. Baba yake alipokuwa amempakata alimwahidi kwamba atarudi, na Willie ni mtoto anayemwamini baba yake. Anakaa juu ya paa la kaburi, anasubiri.

Hapo Saunders kagusa jambo ambalo wafiwa wengi hulibeba kimya: hofu kwamba kule kumshikilia kwetu kunamuumiza marehemu. Na hofu ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, kwamba siku tukiacha kumshikilia tutakuwa tumemtupa. Lincoln wa kitabuni yuko katikati ya hizo mbili usiku kucha. Anatoka, anarudi, anatoka, anakumbuka hakufunga kufuli.

Na angalia njia anayoitumia mwandishi kuwatoa. Vollman na Bevins wanamwingia Lincoln mwilini ili wamgeuze arudi kaburini. Baadaye Willie naye anaingia ndani ya baba yake, na humo, katikati ya mawazo ya baba, anakuta kwamba yeye amekufa. Hakuna malaika aliyemwambia, wala mahubiri. Kaisoma habari ya kifo chake katika kichwa cha mtu anayempenda kuliko wote. Anatoka akiwatangazia wenzake wote kwamba hawaumwi, wamekufa, na umati mzima unaanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, kwa mwanga na kishindo.

Ndiyo maana nasema: anayeingia kitabuni kutafuta ramani ya ahera atatoka na malalamiko. Karibuni tuchambue.

#2 Msomaji wa Usiku

Mkuu umeandika vizuri, lakini mimi ni wale walioacha njiani na bado sijashawishika. Tatizo langu ni umbo. Mistari miwili, jina. Mistari mitatu, jina jingine. Na jina lenyewe linakuja baada ya maneno, kwa hiyo unasoma sauti usiyoijua halafu ndipo unaambiwa ni ya nani. Sura nyingine nzima ni nukuu za vitabu vya historia zilizopangwa moja juu ya nyingine. Unapopata hisia kidogo, unakatwa. Msiba unahitaji utulivu, na kitabu hiki hakinipi nafasi ya kutulia. Halafu yale matusi ya wale mume na mke walevi! Sikuelewa yanatafuta nini kwenye kitabu cha mtoto aliyekufa.

#3 Mleta Mada

Malalamiko yako ni ya haki, na hilo la jina kuja mwishoni linasumbua kweli kurasa za kwanza. Ushauri ninaowapa watu ni kuacha kutafuta nani anaongea mpaka uwe umewazoea wale watatu, Vollman, Bevins na Mchungaji. Ukishawazoea hao, wengine wanajipanga wenyewe.

Ila kuhusu zile nukuu za historia naomba nikurudishe kwenye sehemu moja. Tafuta pale wanapoelezea mwezi wa usiku ule wa dhifa. Shahidi wa kwanza anasema mwezi ulikuwa mkubwa, wa dhahabu. Mwingine anasema hapakuwa na mwezi kabisa, mawingu matupu. Huyu anautaja kuwa kijani, yule buluu, na wote walikuwa kwenye mji uleule saa ileile. Mbele zaidi anafanya vivyo hivyo na macho ya Lincoln: kijivu, buluu, kahawia. Baadhi ya vyanzo hivyo ni vya kweli kabisa, vingine Saunders kavitunga, na hakuambii kipi ni kipi.

Mara ya kwanza unadhani anaonyesha ufundi. Lakini keti na watu wa familia moja waliofiwa uwasikilize wakisimulia siku ileile. Huyu anasema mvua ilinyesha, yule anaapa palikuwa na jua. Huyu anakumbuka marehemu alitabasamu, mwingine alikuwa kitandani hapohapo na hakuona tabasamu lolote. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja ameshika kipande chake, na kukiachia ni kumpoteza mtu mara ya pili. Sijui njia nyingine ya kuliandika hilo isipokuwa kuweka sauti zote zigongane kama alivyofanya.

Matusi ya akina Baron, wale mume na mke walevi, mimi nayatetea. Pale ni makaburini, na makaburini wamo wote, na wale hawakuwa watu wa adabu walipokuwa hai.

#4 Sikio Kali

Msomaji wa Usiku, jaribu toleo la kusikiliza. Lina wasomaji 166. David Sedaris ndiye Bevins, Nick Offerman ndiye Vollman, na Saunders mwenyewe anasoma sehemu za Mchungaji. Shida yako ya nani anaongea inaisha palepale, kwa sababu kila mtu ana koo lake. Mimi kwenye karatasi nilikuwa naisoma kwa akili, kwenye masikio ikanivunja. Hasa wale wanaotokea mara moja tu, wanasema sentensi mbili za maisha yao yote, halafu huwasikii tena.

#5 Mwana Ibada

Nimesoma mpaka mwisho na nitasema wazi kilichonikera, kwa heshima. Mleta mada unasema tusibishanie ahera. Mwandishi ndiye aliyeileta, mkuu. Kamweka mchungaji, mtu aliyeishi kwa uadilifu, aliyehubiri maisha yake yote, anafika mbele ya hukumu, moyo wake unawekwa kwenye mizani, halafu anakataliwa. Sababu hapewi. Yeye mwenyewe hajui kosa lake, na msomaji haambiwi. Anaona wenzake wawili waliomtangulia wanavyopokelewa, mmoja kwenye hema la furaha, mwingine kwenye mateso, zamu yake inapofika anatimua mbio kurudi makaburini. Kwa mfiwa mwenye imani, hiyo ni sumu. Mtu amezika mzazi wake mcha Mungu, anatafuta faraja, anakutana na ukurasa unaomwambia kwamba hata wema haukutoshi. Mimi nilikosa usingizi.

#6 Mleta Mada

Mwana Ibada, nakushukuru, na sitakwambia kwamba ukurasa ule si wa kutisha. Ndio ukurasa wa kutisha kuliko yote humo, na nadhani ni makusudi.

Saunders alilelewa Mkatoliki, baadaye akawa Mbudha wa madhehebu ya Nyingma ya Tibet, na jina la riwaya limetoka huko, kwenye mafundisho ya bardo, yaani hali iliyopo kati ya kufa na kuzaliwa tena. Humo kitabuni kachanganya: kiti cha hukumu kinachofanana na cha Wakristo, mizani, roho zinazokawia, kuondoka kunakofanana na kuzaliwa upya. Hakuna dini itakayokikubali kitabu chote, ya kwake mwenyewe ikiwemo. Kwa hiyo siwezi kukitetea kama fundisho.

Ninachokitetea ni hofu ya Mchungaji. Hofu ile ninaijua kwa waumini wengi wazuri, na hawaisemi popote. Mtu ameishi vizuri kwa kadiri yake, na bado usiku anajiuliza kama kipimo chake na kipimo cha Mungu ni kimoja. Wahubiri wenyewe wanakuwa nayo, tena wao hawana pa kuipeleka. Halafu angalia anachokifanya mtu huyu. Anajua kinachomngoja akiondoka pale. Ana kila sababu ya kujificha milele. Lakini mtoto anaponaswa, anambeba, anakimbia naye kuelekea kanisani, ananaswa yeye, na hapo ndipo safari yake ya pale inapoishia. Ameyaweka rehani yale aliyoyakimbia kwa ajili ya mtoto asiye wake. Saunders hatuonyeshi hukumu ya pili. Mimi nikiwa msomaji najua ningehukumu nini.

Kuhusu kumpa mfiwa mwenye imani kitabu hiki akitafuta faraja, hapo nakubaliana na wewe kwa moyo wote. Faraja ya namna hiyo haimo.

#7 Mama Mzazi

Nimesoma uzi wote kimya, naomba nichangie. Mimi nilizika mtoto. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Mnazungumzia makaburi na hukumu, mimi kilichonikalia ni dhifa. Zile kurasa ambazo watu wanaandika wakiwalaumu wazazi: walifanyaje sherehe mtoto anaumwa ghorofani? Muziki ulikuwa unapanda mpaka chumbani kwake? Na daktari alikuwa amewahakikishia kwamba mtoto ataendelea vizuri! Aliyefiwa na mtoto anazijua sauti zile, ila kwake hazitoki kwa majirani. Zinatoka ndani. Ningelala chumbani kwake usiku ule. Ningemuuliza daktari mara ya pili. Kila mzazi aliyezika ana dhifa yake, jambo alilokuwa akilifanya la kawaida kabisa wakati kifo kinaingia.

Na yuko marehemu mwingine ambaye sijaona mkimtaja, Bi Ellis. Mama aliyekufa baada ya upasuaji mdogo, akaacha mabinti watatu. Anatembea amezungukwa na matufe matatu, kila moja lina sura ya binti yake, na matufe hayo yakizidi ukubwa yanambana mpaka hawezi kupumua. Nilisoma pale mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Ni mama upande ule, mimi ni mama upande huu, na tunabanwa vilevile.

Lakini nina ugomvi na mwisho wa kitabu, na kwa hapo sikubaliani na Mleta Mada. Asubuhi inakaribia, Lincoln anapanda farasi wake anarudi nyumbani akiwa amepata namna ya kuendelea. Usiku mmoja! Msiba wa mtoto haukabidhiwi kaburini alfajiri. Mimi nilimwona mwandishi ambaye anajua sana hatua ya kwanza ya kufiwa na ana haraka na zilizobaki. Na mama mtu yuko wapi? Amelazwa kitandani, kapewa dawa, kitabu kinaendelea bila yeye.

#8 Mleta Mada

Dada, pole sana, na asante kwa kuandika.

Kuhusu usiku mmoja, historia iko upande wako. Lincoln hakupona. Na Willie hakuwa wa kwanza: Eddie alikuwa amekufa mwaka 1850 kabla hajatimiza miaka minne. Tad, aliyeugua wakati uleule na kaka yake akapona, alifariki mwaka 1871 akiwa na miaka 18. Kati ya watoto wanne ni Robert peke yake aliyefikia utu uzima. Baba alipouawa Aprili 1865, jeneza la Willie lilitolewa Georgetown likapakiwa kwenye treni ileile ya maziko, wakasafirishwa pamoja mpaka Springfield, Illinois. Kwa hiyo ukitaka kujua lini Lincoln aliachana na kaburi lile, jibu ni kwamba waliondoka wote wawili.

Kuhusu Mary, hilo ndilo dai langu kubwa dhidi ya riwaya hii, na nimefurahi limetoka kwa mtu mwenye haki ya kulisema. Mary hakuhudhuria hata maziko. Alikaa kitandani majuma kadhaa. Hakuingia tena kwenye chumba alichofia mtoto. Baadaye akawaita Ikulu watu waliodai kuongea na wafu, na miaka ya mwanzo ya 1870, akiwa mjane, alikwenda kwa mpiga picha aitwaye William Mumler, aliyejulikana kwa picha za mizimu, akapigwa picha ambayo kivuli cha mumewe kinaonekana nyuma yake, mikono juu ya mabega. Watu wamemcheka kwa picha hiyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Mimi naiona nashindwa kucheka. Riwaya inayohusu mtu anayeshindwa kuwaachia wafu ilikuwa na mhusika wake mkuu tayari, mama, na ikamfungia mlango.

Yuko mwanamke mwingine ambaye kitabu kinamnukuu, na naomba wasomaji wamwangalie kwa makini. Elizabeth Keckley, mshonaji wa Mary, aliyezaliwa utumwani akajinunulia uhuru wake. Ndiye aliyesaidia kuuosha mwili wa Willie na kumvika. Aliandika kumbukumbu zake mwaka 1868, na humo anaeleza Lincoln alivyoingia, akainua kitambaa usoni mwa mtoto, akamtazama, akalia. Keckley alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee Agosti 1861, kwenye vita vilevile. Miezi sita tu ilikuwa imepita. Anamwosha mtoto wa rais, wa kwake amelala vitani Missouri. Kila nikifika kwenye jina lake chini ya nukuu, nasimama.

#9 Mpenda Historia

Mada nzuri. Naongeza la wafu weusi, maana ndilo lililonifanya niisome mara ya pili. Kwenye Oak Hill ya riwaya wamezikwa nje ya uzio, kwenye shimo la pamoja. Usiku ule wanavuka uzio kuja kusema yao, na yupo luteni mmoja mfu anayejaribu kuwarudisha kwa nguvu. Hata kwenye kifo uzio unalindwa. Mwishoni mmoja wao, Thomas Havens, anamwingia Lincoln na anaamua kubaki humo, wanaondoka naye kwenye farasi.

Wasomaji wengi wanaupenda mwisho huo. Mimi unanisumbua. Ni kama uhuru wa mamilioni umesababishwa na usiku wa huzuni wa baba mmoja na roho moja iliyomkalia kifuani. Kalenda inasaidia kidogo hoja ya mwandishi, nakiri: sheria ya kuwaachia huru watumwa wa Washington ilitiwa saini tarehe 16 Aprili 1862, haijafika hata miezi miwili baada ya kifo cha Willie, na Tangazo la Ukombozi likaanza kutumika Januari 1, 1863. Lakini sheria zile zilipiganiwa miaka na watu wengi, wakiwemo watumwa wenyewe waliotoroka kwa maelfu.

Na kuna jingine. Huzuni ya Lincoln kitabuni inampeleka kwenye wazo la huruma: kwamba kila anayekutana naye amebeba msiba wake, basi amtendee hivyo. Sentensi chache baadaye anaamua kwamba vita vimalizwe haraka, maana yake kuua kwa ufanisi zaidi. Ngome ya Donelson, iliyoshikwa na waasi wa Kusini, ilikuwa imeanguka tarehe 16 Februari, siku nne kabla Willie hajafa, majina ya vijana waliouawa yalikuwa yanaendelea kufika. Vita vile viliua zaidi ya watu 600,000. Mama Mzazi anasema Lincoln anapona haraka mno. Mimi nasema angalia anaponea wapi.

#10 Mama Mzazi

Mpenda Historia, hilo la mwisho sikuliona hivyo na limenibadilishia ukurasa. Niliusoma kama faraja ya rahisi. Kumbe anatoka pale akijua kila baba wa kwenye ile orodha ya vijana waliouawa anafanana naye, na anakwenda kuirefusha orodha. Nitaurudia huo mwisho wiki hii.

#11 Msomaji wa Usiku

Nimeanza kusikiliza kama alivyoshauri Sikio Kali. Niko pale Lincoln anapotoka kaburini mara ya kwanza. Ni kitabu kingine kabisa.

Swali la dharura kidogo: nina rafiki kafiwa na mtoto mwezi uliopita. Anapenda sana kusoma. Nimpelekee?

#12 Mama Mzazi

Usimpelekee sasa. Mwezi mmoja bado mtu anasoma mstari mmoja mara kumi bila kuuona. Na jeneza linafunguliwa kwenye kitabu hiki, tena mzazi anampakata mtoto, Saunders anaeleza mikono imewekwa wapi. Ukurasa huo mimi singeuweza mwaka wa kwanza. Nenda mwenyewe, umwache akusimulie habari za mtoto wake, kwa jina lake, hata kama umeshazisikia. Kitabu akija kukiuliza siku moja mwambie kipo, na umtajie kabla kuna nini ndani.

#13 Mleta Mada

Naunga mkono. Na siku akikiomba, mwambie aanzie pale Bi Ellis anapotokea, ajaribu kurasa hizo tu, aone kama anaweza kuendelea. Msomaji wa Usiku, ukifika kwenye macho ya Lincoln urudi hapa. Nataka kujua kwenye sauti wamezipangaje zile rangi.